Ratiba ya Sanaa na Michezo ifuate mvua, isifuate mashindano

Ndugu Mhariri,

Huu ndio msimu ambao walimu wa taaluma hutandika karatasi ya manila mezani na kuanza kupanga ratiba ya mwaka ujao. Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme neno kabla wino haujakauka. Neno lenyewe linahusu somo ambalo kwa kawaida hupangwa la mwisho na kusukumwa kwenye vyumba vilivyobaki vitupu: Sanaa na Michezo.

Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umelipa somo hili nafasi yake kuanzia darasa la tatu, kwa hiyo hatubishani tena kama lifundishwe. Tunachobishania ni wakati. Shule nyingi hulilaza tangu Januari, kisha Aprili barua ya mchujo wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ikifika, kila kitu hufumuka kwa mkupuo. Watoto 15 au 20 wanaojulikana kuwa na mbio hutolewa darasani kila jioni, wengine wote hubaki kunakili ubaoni maana ya neno "riadha". Mashindano ya taifa huwa Juni. Kabla yake kuna kata, wilaya na mkoa, maana yake mazoezi yote yanaangukia Aprili na Mei. Na hapa Tanga, kama ilivyo Pwani yote, Aprili na Mei ndiyo masika.

Kila aliyesimamia mazoezi ya mbio masika anajua kinachotokea. Uwanja wa udongo mwekundu unateleza kama sabuni, mtoto anakata kona na kifundo cha mguu kinapinda. Shimo la mchanga wa kuruka linajaa maji na mchanga unashikamana kama zege. Mpira wa ngozi unakunywa maji mpaka mtoto wa miaka 10 akiupiga kichwa anaona nyota. Mwezi ukiisha, shule imepata majeruhi watatu na wanamichezo waliofanya mazoezi siku tisa tu, kwa sababu siku nyingine zote mvua ilikataa.

Julai hadi Septemba, uwanja umekauka, upepo wa kusi unapoza, jua si kali, nao uwanja hauna mtu. Mashindano yameisha, basi na michezo imeisha.

Tunachoomba ni kuugeuza mwaka. Januari hadi katikati ya Machi watoto wote watoke nje kujenga pumzi, viungo na ustadi wa mpira, lakini asubuhi. Masika ikianza, waingie chini ya bati kwa udongo wa kufinyanga, midundo na uimbaji. Juni waende mashindanoni wale waliochaguliwa kutokana na rekodi za Februari, ambazo zilipimwa uwanja ukiwa mkavu. Julai hadi Septemba ndiyo iwe robo ya uwanja hasa: riadha, mpira wa pete, siku ya michezo ya shule, na pia tanuri la kuchomea vyungu. Vuli ya Oktoba na Novemba iwe ya kutengeneza ala, kuchora, kusuka na maonyesho.

Dodoma na Singida wana msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo kalenda yao haiwezi kuwa hii yetu. Kila shule ipange kwa mvua yake. Ndiyo maana hatupendekezi waraka mmoja wa nchi nzima. Ramadhani nayo itazamwe kwenye kalenda kabla ya kupanga, maana hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwezi huo darasa la tano na la sita lina watoto wengi wanaofunga, na mwalimu anayewapigia kipenga cha mbio za mita 800 saa sita mchana anatafuta msiba. Mwezi huo ni wa kuchora.

Tuanze na Januari. Kosa la kwanza la ratiba ni kukiweka kipindi cha michezo saa saba mchana kwa hoja kwamba akili za watoto zimeshachoka. Januari na Februari Tanga ni joto na unyevu kwa pamoja, na jasho halikauki. Kipindi kiwe kabla ya saa nne asubuhi, au baada ya saa kumi jioni kama shule ina utaratibu huo. Mtoto anayelalamika kichwa, anayesisimka vinyweleo ilhali ni jua, au anayeyumba, apelekwe kivulini mara moja, anyweshwe maji kidogo kidogo na afungwe kitambaa cha maji shingoni. Akianza kupayuka maneno yasiyoeleweka, hapo ni zahanati, haraka.

Kipindi cha kwanza cha mwaka hakina mpira. Darasa zima linajipanga mstari mmoja, bega kwa bega kwa umbali wa mkono, linavuka uwanja polepole likiokota mbigiri, vigae vya chupa, misumari na waya. Wanafika ng'ambo, wanageuka, wanarudi kwa mstari mwingine. Watoto wetu wengi wanakimbia pekupeku, na mbigiri moja kwenye kisigino inamtoa mtu mchezoni wiki nzima. Kazi hii irudiwe baada ya kila likizo, kwa sababu uwanja wa shule ni njia ya mtaa mzima.

Halafu hesabu ya mpira. Kipindi kina dakika 40. Toa 10 za kutoka, kupasha mwili na kurudi, zinabaki 30. Ukiwa na watoto 60 na mpira mmoja, na kila mmoja akigusa kwa zamu, mtoto anapata nusu dakika. Amesimama kwenye foleni dakika 29 na nusu, na hizo ndizo anazotumia kupigana. Ukigawa makundi sita ya watoto kumi, kila kundi na mpira wake, mtoto anapata dakika tatu, mara sita ya mwanzo. Mipira sita ya dukani ni gharama, lakini mipira ya kujifunzia hutengenezwa. Zamani ilisokotwa kwa mifuko ya plastiki; tangu Juni 2019 mifuko hiyo ilipopigwa marufuku, watoto wamerudi kwenye matambara. Chukua kipande cha sponji ya godoro chakavu ukubwa wa ngumi mbili, kizungushie matambara ya pamba yaliyokatwa vipande virefu huku ukivuta kila mzunguko, kisha kisukie wavu wa kamba ya katani kwa nje. Ukilegeza mzunguko wa ndani, mpira unageuka yai ndani ya siku mbili. Na usiachwe nje usiku: ukilowa unakuwa mzito kama tofali, na kukauka kwake ni siku tatu.

Mbio za kupimwa zifanyike mwishoni mwa Februari, kila mtoto, wenye mbio na wasio na mbio, na muda wake uandikwe kwenye daftari. Daftari hilo ndilo la kuchagulia timu ya Juni. Kuchagua kwa kumbukumbu ya mwaka jana kunamwacha nje mtoto aliyerefuka sentimita tano Desemba.

Masika ikishika, watu hudhani somo limekwama. Kinyume chake, huu ndio wakati wa udongo. Udongo wa mfinyanzi hupasuka unapokauka haraka, na hewa ya masika ina unyevu wa kutosha kuukausha taratibu bila mtu kuuchunga. Lakini udongo wenyewe uchimbwe mapema, Februari, kingo za mto zikiwa kavu. Uanikwe, utwangwe, uchekechwe kwa chandarua chakavu kuondoa mizizi na kokoto, uloweke kwenye ndoo siku tatu. Mwaga maji yaliyoelea juu, kisha mimina tope kwenye gunia na uliache linywee mpaka lisinate tena kiganjani. Jaribio lake ni rahisi: viringisha kijiti cha udongo unene wa kidole, kizungushe kwenye kidole chako. Kikikatika, udongo una mchanga mwingi, tafuta kingo nyingine. Kikijipinda bila ufa, ni mzuri, ila sasa unahitaji kupunguziwa unato wake: changanya sehemu moja ya vigae vya vyungu vilivyopondwa kwa sehemu nne za udongo. Chenga hizo huacha njia za maji kutokea wakati wa kukauka. Akina mama wafinyanzi wanalijua hili bila kitabu, na shule iliyo karibu nao ikimwalika mmoja kwa kipindi kimoja itaokoa mwezi mzima wa kubahatisha.

Mtoto wa darasa la nne apewe bonge la ukubwa wa chungwa. Alikande juu ya gunia kwa dakika kumi nzima, alipige, alikunje, alipige tena. Halafu alibonyeze katikati kwa dole gumba na kuzungusha, akibana ukuta kati ya vidole mpaka ubaki na unene wa sentimita moja hivi. Mahali pa kukosea ni mbili. Moja ni kitako: watoto hukiacha kinene kama mkate, kuta zikikauka kitako bado kina maji, ufa unapita katikati. Ya pili ni mkono wa kikombe. Mtoto huubandika tu kwa kuubonyeza, ukikauka unadondoka. Pande zote mbili zinatakiwa zichanjwe mistari ya kukatizana kwa mwiba au chelewa, zipakwe uji mzito wa udongo uleule, zishinikizwe, na mshono ulainishwe kwa kidole mpaka usionekane. Udongo wa mkono na wa kikombe uwe na unyevu sawa, maana ulio mbichi hunywea zaidi na kujing'oa wenyewe. Kazi zifunikwe kwa magazeti, yafunuliwe kidogo kidogo kwa wiki mbili, kisha ziwekwe juu ya kabati zisubiri Julai. Msizichome masika. Kuni zimelowa, ardhi imelowa, moto utatoa moshi tu.

Kuhusu uimbaji, kuna adui ambaye vitabu havimtaji: bati. Mvua kubwa ikipiga, mwalimu aliye mbele hasikiki dawati la tatu. Wengi husitisha kipindi. Lakini toniki solfa, yaani uimbaji wa do, re, mi, ina ishara za mikono, alizozieneza John Curwen huko Uingereza karne ya 19, na kwa mvua ya bati hazina mfano. Ngumi iliyofungwa usawa wa tumbo ni do. Kiganja kilicholala usawa wa kifua ni mi. Kiganja wima kinachomtazama mwalimu mwenyewe ni so. Anzia na hizo tatu peke yake kwa wiki mbili. Mwalimu anaonyesha, darasa linaimba, na hata bati likinguruma watoto wanafuata kwa macho. Mvua ikizidi kabisa, hamia kwenye midundo ya kupiga dawati kwa vidole: taa, taa, ta-te, taa. Taa ni pigo moja, ta-te ni pigo hilo likigawanywa mara mbili; walioshika ta-te wapewe tafa-tefe, pigo likigawanywa mara nne. Mtoto anayeharakisha si mkaidi, anahesabu kwa mkono badala ya mwili. Mwambie atembee palepale alipo, mguu mmoja kwa kila taa, na mdundo utatulia.

Jambo linaloharibu kwaya nyingi za shule ni ufunguo wa kuanzia. Sauti ya mtoto wa miaka 9 hadi 12 inakaa vizuri kuanzia D iliyo juu kidogo ya C ya kati ya kinanda hadi D inayofuata. Mwalimu wa kiume akianzisha wimbo pale koo lake lilipozoea, watoto wana mawili ya kufanya: wamfuate chini wakaungurume kama vyura, au warukie oktava ya juu na kupiga kelele. Ukiona noti za chini zimegeuka mnong'ono, umeanza chini mno. Ukiona mishipa ya shingo na videvu vimeinuka, umeanza juu mno. Nyimbo nyingi za watoto zina noti tano au sita tu. Ziweke do kwenye F na utakuwa umekaa katikati. Programu za bure za simu zinatoa sauti ya F, na simu karibu kila mwalimu anayo. Mwalimu wa kiume akishaisikia F, aiimbe kwa sauti nyembamba ya juu, au amfundishe kiranja mmoja wa kike aianzishe yeye. Sauti mbili zisianze kabla ya darasa kuweza kuimba wimbo mmoja kwa kupokezana, kundi la pili likiingia mstari mmoja nyuma ya la kwanza bila kuvutwa na wenzake. Shule zinazorukia soprano, alto na besi Machi ili ziwahi kualikwa kwenye sherehe huishia na alto inayoimba soprano kwa sauti ya chini.

Sasa Julai, na uwanja. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu makosa ya kuchora uwanja huwaonea watoto bila mtu kujua.

Shule chache zina nafasi ya duara la mita 400. Duara la mita 200 lenye njia nne linahitaji mita 92 kwa 42, ukiongeza mita moja au mbili za usalama kila upande. Uwanja wa kawaida wa mpira unalimudu. Pigilia vigingi viwili katikati ya uwanja, kwenye mstari mmoja, umbali wa mita 50 kamili. Hivyo ndivyo vitovu vya kona mbili. Kutoka kila kigingi, vuta kipimo cha mita 15.72 na uzungushe nusu duara upande wa nje. Huo ndio mstari wa ndani kabisa. Unganisha ncha za nusu duara hizo kwa mistari miwili iliyonyooka. Kila mmoja lazima utoke mita 50. Usipotoka hivyo, pembe mraba yako imekosea: irudie kwa kamba ya mafundo ya mita 3, 4 na 5. Kisha ongeza mita 1.22 kwa kila njia, yaani 16.94, 18.16, 19.38 na 20.60.

Mbona 15.72? Mkimbiaji hakanyagi mstari, hukimbia kama sentimita 20 nje yake, kwa hiyo njia anayopita ina nusu kipenyo cha mita 15.92, na kona moja inamgharimu mita 50. Kona mbili na pande mbili zilizonyooka, jumla 200.

Kamba ya nailoni isitumike kuchorea kona. Inavutika, na kila sentimita 10 inazoongeza kwenye nusu kipenyo zinarefusha mzunguko kwa sentimita 63. Kamba ya katani nayo hunywea ikilowa umande. Tumia waya wa kufungia nondo, upimwe kwa futi kamba ya fundi, na mtu mmoja ashike kigingi kisiiname.

Dhuluma yenyewe iko kwenye mistari ya kuanzia. Katika mbio za mita 200 kwenye duara hili, aliye njia ya pili lazima aanze mita 7.67 mbele ya aliye njia ya kwanza, wa tatu 15.33, wa nne mita 23. Shule nyingi husogeza kila mtoto hatua mbili tatu kwa kukisia. Maana yake mtoto wa njia ya nne anakimbia karibu mita 17 zaidi ya mwenzake, anashika mkia, na kwenye daftari anaandikwa hana mbio. Kwa mita 100, ambazo zina kona moja, vipimo hivyo ni nusu: 3.83, 7.67 na 11.50. Vipimwe kwa kufuata mkunjo wa njia husika, sentimita 20 kutoka mstari wake wa ndani.

Chokaa ya kuchorea iwe iliyozimwa. Isiyozimwa inaunguza ngozi na inaweza kupofua, na watoto huanguka na uso chini. Majivu ya jikoni yanafaa pia, ila mvua moja inayafuta.

Vijiti vya kupokezana vikatwe kutoka bomba la plastiki la milimita 40, urefu sentimita 28 hadi 30, na ncha zipigwe msasa. Kijiti hudondoka kwa sababu mpokeaji anasubiri amesimama huku ametazama nyuma. Apige alama nyayo 12 hadi 15 nyuma yake; mwenzake akiifikia, yeye anaondoka mbio na uso mbele, akisikia "Shika!" ananyoosha mkono nyuma na kuutuliza. Anayetoa atumie mkono wa kulia, anayepokea wa kushoto. Kwenye shimo la kuruka, mchanga uchimbuliwe kila asubuhi ya mazoezi, kina cha sentimita 30 hivi, na reki isiachwe shimoni hata dakika moja, hasa meno yakiwa juu. Mpira wa pete unajulikana, tutasema moja tu: mlingoti wa mita 3.05 ni wa wakubwa. Darasa la nne wakishushiwa pete hadi mita 2.4 hivi watajifunza kulenga; wakiachiwa ile ya juu watajifunza kutupa kwa kiuno, na kosa hilo halitoki tena.

Wasichana wengi huacha michezo kwa sababu ya nguo. Bukta ndefu au traki chini ya sketi, na hijabu ya lastiki isiyo na pini, vitajwe kwenye barua ya wazazi ya Januari, visingojewe siku ya mashindano.

Kona moja ya uwanja, mbali na madarasa, iwe ya kuchomea vyungu. Hapo ndipo kazi za masika hupasuka, na wengi husema ni hewa iliyobaki ndani. Mara nyingi ni maji. Chungu kinachoonekana kikavu bado kina unyevu, ukifika nyuzi 100 unageuka mvuke na kukivunja kwa kishindo. Kwa hiyo vyungu vianikwe juani siku mbili, kisha vizungukwe na moto mdogo ulio mbali nusu mita kwa saa mbili. Shika kijiko cha baridi mdomoni mwa chungu: kikifanya ukungu, subiri. Kikibaki kikavu, panga vyungu juu ya vifuu, vifunike kwa vifuu zaidi, makuti na pumba za mpunga, washa na uache hadi kesho yake. Kuvifukua vikiwa moto ili kuwaonyesha wazazi kumevunja kazi nyingi kuliko moto wenyewe, maana upepo wa baridi hupasua. Kilichoiva ukikigonga kwa kucha kinalia kama kengele ndogo. Kibichi kinasema "dubu". Watoto wasogezwe mita tano nyuma muda wote, na ndoo mbili za mchanga ziwepo.

Vuli haitaki maelezo mengi. Matete ya kayamba yakatwe Agosti yakiwa makavu, sentimita 35, yashonwe tabaka mbili zenye nafasi ya sentimita mbili kati yake. Ndani, kiganja kimoja cha vijiwe vidogo vilivyochekechwa. Ukijaza, kayamba inakuwa bubu, na ukitumia kunde zinabunguliwa kabla ya mahafali. Jaribu mlio kabla ya kushona upande wa mwisho. Ukindu wa ukili ulowekwe usiku mzima, vinginevyo unakatika kwenye mkunjo. Rangi za kuchorea zipo: udongo mwekundu, mkaa uliosagwa, chokaa, manjano ya jikoni, zikandwe na gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji, ndani ya vifuu. Uji wa muhogo nao hushika rangi, ila siku ya pili unanuka, upikwe wa siku hiyo tu. Mswaki wa mti uliotafunwa ni brashi nzuri kuliko nyingi za dukani. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya ubao mgumu ulioshindiliwa (hardboard) na rangi ya baiskeli, basi tusiambiwe shule haina vifaa.

Alama. Mtihani wa kuchagua herufi hauwezi kusema kama mtoto anaimba. Weka mambo manne ya kuangalia kwa kila kazi, kila moja alama 0 hadi 3. Kwa chungu, kwa mfano: unene wa ukuta, kitako, mshono, umaliziaji. Pima watoto kumi kwa kipindi, wengine wakiendelea na kazi, na darasa la 60 linaisha kwa vipindi sita. Michoro ihifadhiwe kwenye manila iliyokunjwa, jina juu, ili Novemba mzazi aone ya Februari na ya Oktoba kwa pamoja. Mwalimu mkuu naye akitaka kukagua somo, adai kuona kazi hizo kabla ya kudai daftari la maelezo.

Mwisho ni stoo, na hili lifanyike wiki hii kabla funguo hazijapelekwa kwa mlinzi. Ngoma zilegezwe kamba nusu mzunguko na zitundikwe darini kwa waya, siyo kwa kamba, kwa sababu panya hushuka kwa kamba na ngozi ya mbuzi wanaipenda. Mipira ipunguzwe upepo. Waya wa kuchorea uwanja uviringishwe kwenye debe, usikunjwe, na ufungwe kibandiko kinachosema 15.72. Udongo uliobaki ufunikwe kwa gunia lililoloweshwa ndani ya ndoo yenye kifuniko. Januari utakuwa laini zaidi ya ulivyo sasa.

Walimu wa Sanaa na Michezo, shule za msingi,
Tanga.